Paleti si kuni

Kwanza tuelewane juu ya neno. Wazungu wakisema nyumba ni «rustique», wanaisifu. Wanataka kusema ukuta unaonyesha udongo wake, meza inaonyesha mafundo ya mti, hakuna verni inayong'aa, na mtu akiingia anajisikia yuko kijijini. Lakini mwambie mama wa Lubarika kwamba nyumba yake ni ya namna hiyo, atakuuliza kama umekuja kumtukana. Miaka yote anatafuta franka za kutoka katika hiyo rustique: nyasi zitoke, manjanja yaje, potopoto itoke, tofali la kuchoma lije, kiisha sima kidogo ukutani, na rangi kama Mungu akisaidia. Leo vijana wanarudi kutoka Uvira na Bujumbura na picha ndani ya simu: saloni nzima imepangwa kwa mbao za paleti, zimeachwa vile vile, hata vichwa vya misumari vinaonekana. «Tazama mama, hii njo modi ya sasa.» Mama anatazama, anacheka: «Hii si ile mbao tunapikiaka maharagi?»

Mimi niko upande wa kijana, lakini si kwa sababu anazotoa yeye.

Paleti haioti Lubarika. Inakuja na mzigo. Mzigo unashuka Dar es Salaam, unapanda ile reli ambayo Wadachi waliifikisha Kigoma mwaka 1914, unavuka Tanganyika mpaka bandari ya Kalundu. Mwingine unatoka Mpulungu kule Zambia, ama unapita Bujumbura kwa barabara. Chini ya mifuko ya sima, chini ya unga, chini ya makatoni ya dawa, kuna hizo mbao. Mzigo ukiisha kutoka, paleti inabaki ndani ya dipo, juu hakuna mtu atalipa kurudisha mbao tupu mpaka ngambo. Sentineli anaiuza. Pengine inaenda kwa mama wa mikate, pengine kwenye tanuru la matofali, pengine inapanda kamyo kwenye Barabara ya Taifa namba 5, Sange, Luberizi, Luvungi, mpaka kwetu.

Ile ya kipimo cha Ulaya ina sentimita 80 kwa 120. Ndani yake kuna mbao 11, vipande 9 vya miguu, na misumari 78. Ilitengenezwa kwa kubeba kilo 1500. Kitu kinachobeba tani moja na nusu, sisi tunakipasua na shoka ili sufuria moja ichemke. Na misumari 78! Fundi yeyote wa Lubarika anajua kunyoosha msumari juu ya jiwe, na anajua pia bei ya kilo moja ya misumari katika soko la Luvungi. Hapo ndipo hesabu yangu inaanzia. Mapambo yanakuja nyuma.

Bonde letu la Ruzizi lilijulikana kwa pamba, mpunga na muhogo, na kituo cha INERA bado kiko hapa Lubarika. Halikujulikana kwa msitu. Ubao mzuri, libuyu kwa mfano, unatoka mbali, pande za msitu mkubwa, na kila barieri njiani inaongeza kitu juu ya bei. Kinachopatikana karibu ni mkaratusi wa milimani, unaokatwa mchanga na kuuzwa mbichi. Unatengeneza kitanda mwezi wa tano, mwezi wa nane kimepinda kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Mbao ya paleti imekauka miaka, imekunywa jua na mvua za bandari tatu, imekwisha kupinda yote iliyotaka kupinda. Fundi mwenye akili anapaswa kuipenda kuliko mkaratusi mbichi.

Sasa, kabla ya kugonga hata msumari mmoja, geuza paleti na utafute muhuri uliochomwa kwenye mguu wake. Tangu mwaka 2002 kuna kanuni ya kimataifa, kwa Kifaransa inaitwa NIMP 15, inayotaka mbao za kufungia mizigo inayovuka mpaka zitibiwe, ili zisihamishe wadudu wa miti toka nchi moja hadi nyingine. Muhuri una picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, kiisha herufi za matibabu. Ukiona HT, mbao ilitiwa moto mpaka katikati yake ikafika digrii 56 kwa dakika 30: ni moto tu, hakuna dawa. Ukiona MB, ilifukizwa gesi ya bromidi ya methili, sumu ambayo inaharibu hata tabaka la ozoni, na ambayo Umoja wa Ulaya uliacha kuitumia mwaka 2010. Gesi yenyewe inaruka, sehemu kubwa haibaki. Lakini mimi sitalaza mtoto juu ya MB wakati HT iko pembeni. MB ikae nje, iwe ya banda la mbuzi.

Kuliko muhuri, mimi naogopa doa. Muhuri unakuambia mbao ilitibiwa namna gani, haukuambii ilibeba nini. Paleti iliyokaa chini ya dawa ya kupulizia nyanya, ama chini ya bidoni la mafuta, inakunywa kile kilichomwagika. Inusie. Ikiwa na harufu ya dukani kwa muuza dawa za shamba, wacha, hata kama ni ya bure. Na hiyo hiyo yenye doa ndiyo mama anaingiza ndani ya mbabula, moshi unazunguka jikoni ambamo mtoto amelala mgongoni mwake. Watu wananiambia kupamba nyumba na paleti ni mchezo wa wenye nafasi. Kuichoma bila kuitazama ndiko kunakonitia hofu zaidi.

Kwa upande mwingine, vijana wa simu wanapashwa kumsikiliza mama. Zile picha zinatoka katika nyumba kavu za Ulaya, zenye sima chini na baridi nje. Ukipigilia mbao za paleti moja kwa moja juu ya ukuta wa potopoto, umeandalia mchwa chakula na ngazi ya kukifikia. HT iliua wadudu wa huko ilikotoka. Mchwa wa Lubarika hawana habari na muhuri. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mbao na ukuta, hewa ipite na jicho lipite. Mguu wa kitanda usiguse udongo: weka jiwe bapa, ama mkebe wenye vidanji kidogo chini ya kila mguu, kama wazee walivyofanya na vitanda vyao. Vidanji ipakwe chini ya mguu tu, nje, ikauke siku kadhaa. Niliona nyumba imepakwa vidanji ukuta mzima kwa kutafuta rangi nyeusi ya picha, na wenye nyumba walikuwa wanalala na kichwa kinauma. Hiyo ni hatari ya moto pia, sisi tunaowasha vibatari.

Tena ile «kuachwa vile vile» mimi naikataa. Ubao wenye nyufa na magamba ni hoteli ya kunguni. Umwagie maji ya moto, uanike, upige randa, usugue. Ukitaka mafundo na alama za misumari zionekane, zitaonekana tu, hata baada ya randa, na zitakuwa nzuri zaidi. Na mama akitaka kutandika kitambaa chake cha kufuma juu ya etajeri, asizuiwe na mtu wa modi. Udongo mweupe ukutani, mkeka wa matete chini, kitambaa cha kufuma juu ya mbao ya pinasi iliyokuja na meli: mimi naona saloni ya Lubarika, sioni picha ya Ulaya.

Wenye haya ya kukalia mbao ya mizigo, nawapa habari moja. Mwaka 1934, wakati wa ule ukosefu mkubwa wa pesa duniani, Mholanzi Gerrit Rietveld, mtoto wa fundi wa mbao na fundi mwenyewe, alichora kiti cha mbao za makasha ya mizigo. Leo viti hivyo viko ndani ya museo, hakuna mgeni anaruhusiwa kuvikalia. Siwaambii haya ili tungoje ruhusa ya Mholanzi. Ila mtu akikucheka, uwe na la kumjibu.

Kuna swali ambalo ni zito kuliko mchwa, na watu wanaliuliza kwa sauti ya chini: kwa nini kupamba nyumba ambayo kesho utaikimbia? Hapa si maneno ya kitabu. 1996, 1998, Katogota jirani yetu mwezi wa tano mwaka 2000, na mengine yaliyofuata ambayo kila jamaa ina tarehe zake. Mtu amenunua fotei kwa dola za miaka miwili ya muhogo, wakaja watu wakabeba fotei, wakabeba milango, wakavua hata manjanja. Aliporudi, aliapa hatanunua tena kitu kizuri. Nimeingia katika nyumba za watu wenye mashamba mazuri, ndani hakuna kitu ila viti vya plastiki vinavyopandana, ili vifungwe upesi. Mimi siwezi kuwahukumu. Lakini watoto wanakua ndani ya nyumba iliyopangwa kama pahali pa kungojea kamyo.

Kwa mtu wa namna hii mbao ya paleti ina faida ambayo fotei ya velvet haina. Ikiporwa, maumivu ni madogo. Ikibaki, inafunguliwa na kufungwa tena. Na kitanda chake kinainuka toka chini. Aliyeona Mulongwe ilivyoingia katika nyumba za Uvira mwezi wa nne mwaka 2020, ama maji ya ziwa yalivyopanda na kukaa ndani ya maparseli mwaka 2024, anajua godoro lililo chini linaisha siku ya kwanza. Paleti mbili zilizopandana si kinga ya mafuriko, tusidanganyane, ila zinakupa usiku mmoja wa kuokoa godoro na daftari za watoto.

Basi naomba jambo moja kwa wenye madipo, mashirika na wafanyabiashara pamoja. Kila mwaka kuna mradi unafundisha vijana useremala, wengine ni vijana walioacha bunduki. Wanapewa semina, cheti, na sanduku lenye msumeno, nyundo na randa. Kiisha mradi unafungwa, kijana anabaki na sanduku, na hana pesa ya kununua ubao wa kwanza. Wiki ileile, nyuma ya dipo, paleti zinapasuliwa kuwa kuni. Sijui ni nani alitenganisha mambo haya mawili katika karatasi za mradi. Kuandika mstari mmoja kwamba paleti zote zenye HT na zisizo na doa zinaenda kwa wanafunzi wa useremala hakuombi bajeti mpya. Kunaomba mtu mmoja wa dipo ajue kusoma muhuri, na kamyo inayorudi tupu ikubali kupita Lubarika.

Na sentineli naye apewe kitu chake. Mpaka leo yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua kwamba paleti ina bei.