Shule isihamie rangi mpya tu

Wafanyabiashara wanaoshusha vitunguu Kongowea, Mombasa, wanaijua kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870 kwa watumwa waliokombolewa. Chuo cha dini cha hapo kilihamia Limuru mwaka 1930. Leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Kuhama hakuui shule. Kuhamia pabaya ndiko kunakoiua. Majengo ya kale ya kanisa yanapokarabatiwa ili yapokee wanafunzi, rangi haitoshi. Yakaguliwe kwanza paa, maji, vyoo na mahali pa kuvukia barabara ya malori. Mzazi aliyekwama forodhani Lunga Lunga hawezi kumvusha mwanawe. Wazazi waonyeshwe ripoti ya ukaguzi kabla madawati hayajapakiwa.