Ushungi Hauitoharishi Sinema

Wako wenzetu wanaodhani kuwa sinema ya mapenzi ikishavishwa ushungi imekwisha kuwa halali. Mwigizaji akitoa salamu na adhana ikasikika kwa mbali, basi watoto huketishwa mbele yake, na baba akaenda zake barazani roho imemtua. Hiyo ni dhana mbaya, na ushahidi wake uko Indonesia, nchi ya mamilioni ya Waislamu walio wafuasi wa Imam Shafi kama sisi watu wa pwani.

Mwaka 2004 ilitolewa huko filamu ya vijana iitwayo Buruan Cium Gue, yaani "Nibusu Upesi". Wanavyuoni walipiga kelele, mhubiri Abdullah Gymnastiar akiwa mbele, mpaka ikaondolewa katika majumba ya sinema. Lakini biashara ikifungiwa mlango wa mbele huzunguka uani. Mwaka 2008 ikaja Ayat-Ayat Cinta, yaani "Aya za Mapenzi", ya Hanung Bramantyo, kutokana na riwaya ya Habiburrahman El Shirazy. Watu zaidi ya milioni 3 waliiendea, na safari hii wenye vilemba wakawa miongoni mwa wapiga makofi.

Ndani yake mna nini? Mna Fahri, mwanafunzi wa Al-Azhar, mcha Mungu na mzuri wa sura, na wanawake wanne wanampenda. Amemwoa Aisha. Anasingiziwa kumnajisi mwanamke, anatiwa jela, na shahidi wake, Maria, yu kitandani hana fahamu. Aisha anamshika mumewe amwoe Maria ili azindukane. Naye huzinduka! Hebu niambieni, enyi wazazi: hiyo ni fiqhi, au ni michezo ya Bombay iliyovaa kanzu? Ndoa ya pili, ambayo Qur'ani imeifunga kwa sharti la uadilifu, imefanywa dawa ya mgonjwa wa mapenzi.

Mtu atasema: Kwani mapenzi ni haramu? Hasha. Sura ya 30, aya ya 21, imeyataja mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Na Hamka, aliyeifasiri Qur'ani, na ambaye mwaka 1975 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa baraza la maulamaa wa Indonesia, alitunga kisa cha mapenzi, Di Bawah Lindungan Ka'bah, mwaka 1938. Hamid na Zainab hawakupatana, kwa sababu mmoja ni maskini na mwenziwe ni mtoto wa tajiri. Aliyepigwa fimbo mle ni desturi ya kupimana mali. Kisa hicho hicho kilipofanywa filamu mwaka 2011, bidhaa za wafadhili, chokoleti na dawa ya mbu, zilipenyezwa ndani ya picha. Mwanachuoni alitaka kutuonya na tamaa ya mali. Mfanyabiashara akalifanya onyo lenyewe duka.

Basi khatari haiko katika nguo peke yake. Sura An-Nur imeamrisha macho yainamishwe, na imewaanza wanaume. Jicho linalokazia uso mmoja muda wa saa mbili halijainama kwa kuwa uso ule una ushungi. Na binti aliyelelewa na akina Fahri, siku atakapokuja kuposwa na kijana mvuvi, mkweli, mwenye kuswali, asiyejua maneno matamu, atamwona si mume. Na kijana naye atamtaka Aisha asiyechoka wala kununa. Nyumba za namna hiyo huvunjika kabla ya mwaka.

Sisemi uvunje televisheni. Nasema keti na wanao, uwaulize: Huyu mume analisha nyumba kwa nini? Walii yuko wapi? Baada ya arusi, nani anapika na nani anauguza? Filamu isiyoweza kujibu hayo haikufundisha ndoa, hata ikianza kwa Bismillahi.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.