Kanga Mezani: Sinia Linaloongea

Mwezi huu jiko haliwashwi!

Picha hii mnaijua. Wageni wameshafika, bwana yuko sebuleni anagawa soda, bibie yuko jikoni anageuza sambusa, jasho linamtoka. Akija kukaa, wageni nao wanatafuta funguo za gari. Wameiona nyumba, mwenye nyumba hawajamwona. Dawa yake ni sinia moja la kuanzia la mboga, matunda na jibini, linalopangwa mapema na ninyi wawili.

Pambo la kuiga liko kabatini mwako: kanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, sanaa hii ya pwani imewapendeza watu kwa rangi chache zilizokolea na mpangilio usiobabaisha. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi. Ukizifuata sehemu hizo tatu, mkono wako hautapotea.

MAHITAJI (watu 6)
Sinia la pembe nne au ubao mpana, sentimita 40 kwa 30
Jibini ngumu kiasi kama Gouda, gramu 400
Matango 2 na karoti 2
Pilipili hoho nyekundu 2
Nyanya ndogo ndogo 4
Maembe 2 yaliyoiva lakini bado magumu
Zabibu nyeusi, gramu 250
Ndimu 1

NAMNA YA KUPANGA
Osha kila kitu, kisha kausha kwa kitambaa safi. Usiiruke hatua hii, maana maji yakibaki jibini inateleza na rangi zinachafuana.

Anza na pindo. Kata matango nusu duara bila kuyamenya, uyapange pembeni yakilaliana. Ndani yake weka mstari wa hoho zilizokatwa nyembamba. Kila kona, nyanya moja.

Sasa mji. Menya maembe, yakate vipande virefu, kisha yapinde katikati ya sinia yafuate umbo la korosho, lile pambo la kanga tunalolijua sote. Kamulia ndimu kidogo. Theluthi mbili za jibini zikate vipande vya mraba, uzitandaze kulizunguka embe, zabibu zikiingia katikati yake. Kama unapenda tikitimaji, lipe bakuli lake, maana maji yake yataloanisha kila kitu.

Mmoja akikata, mwingine apange. Nusu saa hiyo mkiwa bega kwa bega ina utamu wake, wenyewe mtaniambia!

JINA LINASEMAJE?
Anayetajwa sana kwa kuanza kuweka maandishi kwenye kanga ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kama Abdulla, mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu hapo kanga imesema yale ambayo mdomo unayaonea haya: mapenzi, shukrani, na vijembe pia.

Kwenye sinia, jina linakaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Tandaza jibini iliyobaki ikiwa vipande vyembamba, upate ukanda mweupe. Juu yake andika kwa njiti za karoti. KARIBUNI inatosha, herufi 8 tu. Mkiwa wawili peke yenu, andika jina mnaloitana chumbani.

Ila angalizo, jamani. Kanga ya kijembe unaivaa wewe, na mlengwa anaweza kujifanya hajasoma. Sinia linasomwa na meza nzima, mama mkwe akiwemo. Kama mmenuniana tangu asubuhi, malizeni kwanza, ndipo mchukue karoti. Mgeni haji kula ugomvi wenu.

TAHADHARI
Likishapangwa, lifunike na liweke kwenye friji. Litoe kama dakika 20 kabla wageni hawajafika, maana jibini ya baridi kali haina ladha. Likishatoka lisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali saa moja inatosha.

Kisha vueni aproni, kaeni wote wawili. Wageni watakula pindo, watafika mjini, na ninyi mtakuwepo kuongea nao. Tukutane mwezi ujao!