Kisa cha bendera Texas: kwa nini zishushwe zote?

Wasomaji, leo tuzungumzie bendera. Mwaka 2006 kulizuka zogo katika Chuo Kikuu cha Texas pale Arlington, mji ulio kati ya Dallas na Fort Worth. Ndani ya jengo la uhandisi liitwalo Nedderman Hall zilitundikwa bendera zaidi ya mia moja, za nchi wanakotoka wanafunzi. Moja ilikuwa ya Vietnam: nyekundu, nyota ya njano katikati. Wanafunzi wenye asili ya Vietnam, wengi wao watoto wa wakimbizi, wakaja juu. Ile si bendera yetu, walisema. Yao ni ile ya njano yenye mistari mitatu myekundu, iliyokuwa ya Vietnam ya Kusini. Mabishano yakakua, jamii yao ya mjini nayo ikaingia, na mwishowe rais wa chuo, James Spaniolo, akaamua bendera zishushwe. Zote!

Najua wengi wetu tungeegemea wapi. Kwa sisi tuliosomeshwa historia ya ukombozi, Vietnam ni Dien Bien Phu 1954, wakulima waliomtoa jasho Mfaransa na baadaye Mmarekani. Tanzania ilianza uhusiano wa kibalozi na Hanoi mwaka 1965, vita ndiyo kwanza vinapamba moto. Hata leo ukiweka vocha ya Halotel, pesa yako inakwenda kwa Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam. Basi tukisikia kijana anaikataa bendera ile, neno la kwanza mdomoni ni "kibaraka".

Polepole jamani. Saigon ilipoanguka tarehe 30 Aprili 1975, wanajeshi na watumishi wa serikali iliyoshindwa walipelekwa kwenye kambi zilizoitwa za kuelimishwa upya. Kuna waliokaa humo zaidi ya miaka 10 bila kufikishwa mahakamani. Kati ya mwaka huo na 1995, watu karibu laki nane walifika nchi za jirani kwa mashua. Waliozama hawana hesabu. Binti ambaye baba yake alipita huko hawezi kuambiwa eti hicho ni kitambaa tu. Mwaka 1999, Westminster kule California, mwenye duka la kanda za video alitundika bendera nyekundu pamoja na picha ya Ho Chi Minh. Maelfu ya watu waliandamana mbele ya duka hilo, na hawakuchoka kwa wiki kadhaa. Tusiwashangae. Jirani zetu wa Rwanda waliibadili bendera yao mwaka 2001, ile yenye herufi R, kwa sababu iliwakumbusha mauaji ya 1994. Mwambie aliyenusurika kuwa ile nayo ni kitambaa tu, uone atakavyokutazama.

Ila kuna mtu ambaye katika ugomvi wa namna hii husahaulika: mwanafunzi aliyetoka Hanoi yenyewe. Kama mwaka 2006 alikuwa na miaka 20, basi alizaliwa vita vimekwisha miaka 11. Hakumfunga mtu. Serikali iliyompa pasipoti ndiyo yenye bendera ile ya nyota, na Marekani yenyewe ilirudisha uhusiano na serikali hiyo mwaka 1995. Ukumbi ukisema "hapa ndipo wanafunzi wetu wanakotoka", bendera yake ina haki ya kuwepo. Ya njano nayo ningeiweka kando yake, na chini ya zote mbili karatasi yenye maelezo: hii ya nani, ile ya nani, na nini kilitokea.

Kuzishusha zote ndiko kunakonikera. Mwanafunzi wa Nepal au wa Nigeria kakosa nini? Ni yale ya samaki mmoja akioza, tofauti ni kwamba hapa hata aliyeoza hatukubaliani ni yupi. Na ugonjwa huu haukuishia Texas. Mwaka 2015 baraza la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, lilipiga kura kuzuia bendera za nchi zote katika ukumbi wa ofisi zao, ya Marekani ikiwemo. Viongozi wao wa juu wakaifuta kura hiyo baada ya siku chache. Wakubwa wa chuo hupenda ukuta mtupu kwa sababu haupigiwi simu za malalamiko. Lakini chuo kikuu kikiogopa kueleza historia kwa karatasi moja, maprofesa wa historia wanalipwa kwa kazi gani?

Kazi ya kuandika maelezo yale ningewapa wanafunzi wawili, mmoja wa Hanoi na mmoja wa Arlington, wakae meza moja. Wangegombana wiki nzima kwa maneno ishirini. Sawa, wagombane. Ada wamelipa.