Maandishi ya Bahasha ya Dawa ni Sehemu ya Tiba

Kila tarehe 17 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Usalama wa Mgonjwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliielekeza siku hiyo kwenye matumizi salama ya dawa, kwa kuwa hata dawa njema humdhuru mgonjwa ikitumiwa isivyopasa. Jambo hilo linatugusa sisi wa pwani ya Lindi, nalo laanzia mahali padogo: bahasha tunayokabidhiwa dirishani.

Mara nyingi bahasha hiyo huwa na maandishi haya tu: "1 x 3". Mtoa dawa anaelewa kuwa ni kidonge 1, mara 3 kwa siku. Nyumbani, hata hivyo, msomaji ni bibi, au mjukuu anayemsomea. Haoni dawa ni ya nani, ya siku ngapi, wala kama inamezwa kabla au baada ya chakula. Penye wagonjwa wawili, dawa ya presha ya mzee yaweza kupewa mtoto mwenye homa.

Tuchukue dawa mseto ya malaria. Dozi ya pili humezwa baada ya muda wa saa 8 tangu ya kwanza. Ikiandikwa "saa 8" tu, mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa 2 asubuhi ataitoa ya pili saa 8 mchana, ilhali wakati wake ni saa 10 jioni. Vivyo hivyo dawa ya maji: "kijiko 1" ni kijiko gani? Kijiko cha chakula hubeba takriban mara tatu ya kijiko cha chai, na kwa mtoto mchanga tofauti hiyo ni hatari.

Wengi wa jirani zetu Kilwa ni Waislamu. Afungaye Ramadhani akiona "1 x 3" aweza kumeza vidonge vyote kati ya futari na daku. Swali moja dirishani, na saa zilizoandikwa wazi, vingemwepusha na madhara hayo.

Wapo watakaosema kuwa mgonjwa akikwama arudi kuuliza. Kwetu kurudi si jambo jepesi. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu huko Somanga, wilayani Kilwa. Hata siku za kawaida, nauli ya kurudi hospitalini yaweza kuwa posho ya nyumba nzima. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, maandishi ndiyo mshauri pekee anayebaki naye.

Hatuwalaumu watoa dawa, ambao foleni zao ni ndefu. Hata hivyo, Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inaitambua huduma hii kuwa taaluma yenye Baraza lake, nayo maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yalikusudiwa kuwafikishia watu wa vijijini dawa pamoja na maelekezo sahihi. Kutoa dawa bila maelezo ni kutoa nusu ya huduma.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamheshimu tabibu na pia mtengeneza dawa, kwa kuwa dawa ni zawadi ya Mungu itokayo katika ardhi. Zawadi hiyo yataka uangalifu, na anayemtunza mgonjwa anamtunza Kristo mwenyewe.

Kwa hiyo tunaziomba hospitali na zahanati zetu, hasa zile za Kanisa, ziandike juu ya kila bahasha jina la mgonjwa, jina na nguvu ya dawa, kiasi, saa, idadi ya siku, tahadhari na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa asiyejua kusoma, ichorwe alama ya jua au mwezi.

Nasi waamini tusiondoke dirishani kabla ya kurudia kwa sauti tulichoelekezwa. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, anayejua kusoma amsaidie jirani kusoma bahasha yake. Penye shaka, tusikisie. Tumwulize mtoa dawa kabla ya kumeza.