Bibi harusi, taka bei kwa shilingi



Mfunguo Mosi harusi huwa nyingi na sisi wa cherehani hatulali. Lakini lipo jambo linatuuma. Bibi harusi wa hapahapa Unguja akiulizia ukumbi, anatajiwa dola. Mpambaji, dola. Gauni, dola. Na mahari kapewa kwa shilingi!

Hatujitoi, na sisi tulikuwa hivyo. Vitambaa tunavitoa Dubai, tukaona tukitaja dola tumesalimika. Mpaka alipokuja mama mmoja kumalizia gauni la mwanawe. Bei dola 300, nusu alishatoa arubuni dola ilipokuwa shilingi 2,500. Yeye alijua kabakisha 375,000. Tukamwambia dola sasa 2,700, atoe 405,000. Alihesabu noti zake mara mbili, akalipa, akaondoka kimya. Mdogo wake bibi harusi alipoolewa, hawakuja kwetu. Haki yao.

Dada, jua haki yako. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, zilizotangazwa tarehe 28 Machi 2025, zinakataza kutangaza bei au kupokea malipo ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni hapa nchini, isipokuwa mambo machache, kama maduka yasiyotozwa ushuru. Kukataa shilingi ni kosa. Kwa hivyo ukitajiwa dola, sema kwa upole: "Niandikie kwa shilingi." Arubuni, baki na siku ya kumalizia, vyote viwe kwenye risiti.

Wenzetu wa biashara mtasema dola ikipanda tutakula hasara. Kweli, inaweza kupanda. Sisi siku hizi tukipokea arubuni tunanunua kitambaa wiki hiyohiyo, na bei tunaikata mara moja kwa shilingi. Faida imepungua kidogo, lakini hatugombani na mtu mlangoni.

Na dini yetu imetangulia. Suratul Maida inaanza kwa kutuamrisha kutimiza mikataba, na aya ya 282 ya Suratul Baqara inatutaka tuandike deni. Mtu atatimizaje bei inayobadilika kila akiamka?

Harusi ni kheri. Tusiianze kwa mama kutoka dukani na kinyongo.

Allah azibariki ndoa zenu na biashara zetu. Amin.