Dola iliyopasuka si dola ya uongo

BENGAMISA – Mama aliyekimbia vita anafika sokoni na noti ya dola 20. Aliifunga ndani ya kitambaa, mvua na jasho vikaipata, na sasa imepasuka kidogo pembeni. Mchuuzi wa mchele anatikisa kichwa: «Hii haipiti, mama.» Halafu kambisti anamwita kando. Yeye ataichukua, lakini kwa nusu ya bei.

Hapo ndipo uongo unajifunua. Hakuna anayelipa nusu ya bei kwa noti bandia. Kambisti anajua vizuri kwamba noti ni ya kweli. Anachonunua kwa bei ya chini ni njaa ya yule mama.

Sokoni watu wanachanganya mambo matatu. Noti iliyoharibika ilitoka kiwandani nzima, ikaumia mikononi mwa watu. Noti yenye kosa la kiwanda, ambayo ni nadra sana, ilikatwa au kuchapwa vibaya tangu mwanzo. Noti bandia haikutoka kwenye kiwanda hicho hata siku moja. Hii ya tatu ndiyo ya kukataa.

Kuitambua hakuhitaji mashine. Pitisha kidole kwenye picha ya mtu: wino wa kweli unakwaruza. Inua noti ya 20 kwenye jua: uso wa pili na uzi vinaonekana ndani ya karatasi. Igeuzegeuze: namba 20 ya pembeni chini inabadilika rangi. Kama imebandikwa skochi, angalia namba za mfululizo za pande mbili. Zisipolingana, ni vipande vya noti mbili. Hapo kukataa ni haki.

Marekani yenyewe, mwenye dola, inalipa thamani yote ya noti iliyoharibika kama zaidi ya nusu yake imebaki wazi pamoja na alama zake za usalama. Sasa soko la Bengamisa limepata wapi sheria kali kuliko ya mwenye feza?

Mwaka 2023, vita ya Wambole na Walengola ilitoa maelfu ya watu katika nyumba zao huko Lubunga. Anayekimbia hachagui noti safi. Viongozi wa soko waseme wazi: mpasuko mdogo si kosa. Banki Kuu nayo itangaze hivyo redioni, kwa Kiswahili na Lingala, watu wote wasikie. Na kambisti anayejua noti ni ya kweli ailipe kama ya kweli.